Kuchora Pendekezo la Mradi kwa Kompyuta

Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti kuwezesha ushirikishwaji wa umma. Hata hivyo, pendekezo zuri linaweza kukwama kwa kutoeleweka. Mkazi akisema darasa la chekechea lijengwe "kule nyuma, karibu na tangi", kila msikilizaji huwaza mahali pake. Mchoro wa ukurasa mmoja huondoa utata huo. Programu ya Word inayotumiwa kuandika barua inatosha. Asiyekuwa nayo anaweza kupata LibreOffice Writer bila malipo, ambayo pia ina vifaa vya kuchorea.

Kipimo kwanza

Mfano ni ploti ya futi 50 kwa 100, yaani takriban mita 15 kwa 30. Sentimita 1 kwenye karatasi ikiwakilisha mita 2 ardhini, ploti hiyo huwa mstatili wa sentimita 7.5 kwa 15, na hutoshea kwenye karatasi ya A4.

Hatua za kufuata katika Word

1. Bofya Insert, kisha Shapes, na uchague mstatili. Buruta kipanya kwenye ukurasa hadi umbo litokee.

2. Umbo likiwa limechaguliwa, fungua Shape Format. Kwenye kisanduku cha Height andika 15 cm, na cha Width 7.5 cm. Ondoa rangi ya ndani kwa kuchagua Shape Fill, kisha No Fill.

3. Chora darasa la mita 8 kwa 6 kama mstatili wa sentimita 4 kwa 3. Choo cha mita 4 kwa 2 kiwe sentimita 2 kwa 1.

4. Kwa tangi, chagua umbo la duara na ushikilie kitufe cha Shift unapoburuta. Bila Shift, ni rahisi kupata duaradufu. Achilia kipanya kwanza, kisha Shift. Tangi la kipenyo cha mita 2 liwe sentimita 1. Kitufe hicho pia hugeuza mstatili kuwa mraba.

5. Bofya umbo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague Add Text na uandike jina lake. Umbo dogo litiwe namba, na maelezo yaandikwe chini ya mchoro.

6. Shikilia Ctrl, bofya maumbo yote moja baada ya jingine, kisha bofya kwa kitufe cha kulia na uchague Group. Maumbo yatasogea pamoja.

Umbali usipotoshwe

Mchoro ukichapishwa, rula hutoa majibu: sentimita 6 kati ya choo na tangi ni mita 12 ardhini. Lakini nakala ikipunguzwa kwenye mashine, hesabu hiyo huharibika. Kwa hivyo, kabla ya hatua ya 6, chora mstari wa sentimita 5 pembeni na uuandikie "mita 10". Mstari huo utapungua pamoja na mchoro, na kipimo kitabaki sahihi.

Mchoro huu ni wa kufafanua wazo tu. Hauchukui nafasi ya ramani ya msanifu majengo aliyesajiliwa wala vipimo vya mpima ardhi. Mkazi anaweza kuuambatisha kwenye maoni yake ya maandishi, ili wanaoamua waone mahali hasa anapopazungumzia.