Kabla ya Kuvusha Mifugo au Nyama Mpaka wa Kaunti

Ng'ombe aliyeambukizwa ugonjwa wa miguu na midomo anaweza kueneza virusi kabla ya malengelenge kuonekana. Ndiyo maana hata mnyama anayeonekana mzima anahitaji kibali cha usafiri.

Mfugaji, zingatia haya:

1. Omba kibali kwa daktari wa mifugo wa kaunti ndogo kabla ya kukodi lori. Kibali huonyesha idadi ya wanyama, watokako na waendako.

2. Eneo likiwekwa karantini, usihamishe ng'ombe, mbuzi, kondoo wala nguruwe.

3. Nyama isafirishwe ikiwa na mhuri wa mkaguzi na cheti chake.

4. Mnyama akifa ghafla huku damu ikimtoka puani, usimchune wala kumpasua. Huenda ni kimeta, nacho huua binadamu pia. Ripoti mara moja kwa ofisi ya mifugo.