Adhana ya mwezini: Tuhakikishe kabla ya kusambaza

Nimeisikia mara nyingi, hata katika mawaidha: eti Neil Armstrong, aliyetua mwezini mwaka 1969, alisikia adhana huko, kisha akasilimu. Habari tamu, lakini si kweli. Mwaka 1983 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliziarifu balozi zake katika nchi za Kiislamu kuwa mwenyewe amekanusha. Tena mwezini hakuna hewa ya kubeba sauti.

Ndugu zangu, Uislamu hauhitaji uongo ili usimame. Kijana akigundua tulimdanganya kwa hili, atatuamini vipi tukimweleza habari za Akhera? Surat Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuchunguza habari ya fasiki. Sembuse habari ambayo hata mletaji wake hatumjui?