Bandama Kubwa: Mwambie Ukweli Mtaalamu wa Usingizi

Weka mkono chini ya mbavu zako za kushoto. Humo ndimo inamokaa bandama, wengine huiita wengu. Kwa kawaida ni kama ngumi, wala huwezi kuipapasa. Kazi yake ni kuchuja damu na kupambana na vijidudu.

Kwetu Simiyu bandama huvimba kwa malaria ya mara kwa mara, selimundu, au kichocho cha tumbo, hasa kwa wanaooga na kuvua ziwani kule Busega. Wengi hutibiwa kwa dawa tu. Wachache huhitaji operesheni, na mgonjwa wa Bariadi anaweza kupewa rufaa hadi Bugando, Mwanza.

Tuseme mgonjwa huyo ni wewe. Kabla ya operesheni, mtaalamu wa usingizi atakuja na maswali mengi. Usidhani anakupotezea muda! Anafikiria mambo matatu:

1. Damu. Bandama kubwa hunasa chembe za damu, zikiwemo zile zinazoigandisha. Kwa hiyo unaweza kutokwa na damu nyingi. Atahakikisha ipo damu ya kundi lako, na atakuwekea dripu kwenye mishipa mikubwa. Ganzi ya mgongoni inaweza kuvujisha damu karibu na uti wa mgongo. Ndiyo maana kwa kawaida utapewa nusukaputi.

2. Chakula. Bandama hukandamiza tumbo. Ukilala usingizi umeshiba, chakula hupanda na kuingia mapafuni. Unaweza kufa. Acha kula angalau masaa 6 kabla, hata kama shangazi amekuletea uji.

3. Hewa na joto. Mwenye selimundu akipata baridi, au akikosa maji na hewa ya kutosha, chembe zake hujikunja na kuziba mishipa. Ni lazima afunikwe vizuri na apewe oksijeni.

Basi sema kweli. Umekula? Umekunywa miti shamba? Kuna ndugu yako aliyewahi kudhurika kwa nusukaputi? Hakuulizi ili akugombeze. Akijua mapema, ataahirisha operesheni au atabadili dawa.

Bandama ikishatolewa, vijidudu hukushambulia kwa kasi. Pata chanjo, ikiwezekana wiki mbili kabla ya operesheni. Lala kwenye chandarua. Ukipata homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo na useme: "Sina bandama."

Jipime: Rafiki yako amekunywa uji asubuhi ya operesheni na anaogopa kusema. Utamshauri nini?