Cape Town chini ya saa tatu: mbinu za kujificha upepo

Kilomita 109 kwa muda usiofika saa tatu. Hicho ndicho kipimo ambacho waendesha baiskeli wa ridhaa hujipimia katika Cape Town Cycle Tour ya Afrika Kusini, mbio za mwezi Machi zilizoanza 1978 na ambazo wakongwe bado huziita Argus. Piga hesabu: ni wastani wa zaidi ya kilomita 36 kwa saa, milima ikiwemo. Ukiwa peke yako huwezi, labda uwe unalipwa kwa kazi hiyo. Ndani ya kundi inawezekana. Basi shughuli yote ni kulipata kundi zuri na kutoliacha likuponyoke.

Kundi hutafutwa tangu kwenye kujiandikisha. Waandaaji huwaachia washiriki kwa mafungu, wenye kasi wakitangulia, na fungu lako hupangwa kwa matokeo uliyokwisha kuyapata. Asiye na matokeo hupelekwa nyuma, akamaliza nguvu zake akipenya katikati ya watu waliokuja kupiga picha za bahari. Kwa hiyo shindana kwanza nyumbani katika mbio zenye muda rasmi, uyahifadhi matokeo, kisha uwaulize waandaaji mapema kama watayakubali. Mbio ni Jumapili, na namba huchukuliwa siku za kabla yake. Fika Alhamisi. Anayetoka Kenya au Uganda asisahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Kufungasha baiskeli kunawatoa watu jasho kuliko mlima wowote. Kabla ya kuchomoa kiti, zungushia mkanda wa gundi pale nguzo yake inapoingia kwenye fremu, ili ukirudishe kwenye kimo kilekile. Pedali ya kushoto hufunguka kinyume cha ya kulia, na wengi huikaza wakidhani wanailegeza. Spana ikiwa imesimama wima, zote mbili hulegea ukiisukuma kuelekea nyuma ya baiskeli. Fungua dereila ya nyuma, uifunge kwa kitambaa ndani ya fremu. Kile kipande chembamba cha chuma kinachoishikilia hupinda kwa pigo dogo tu, na fremu nyingi zina chake, hivyo beba cha akiba kutoka nyumbani. Ijumaa endesha taratibu kwa saa moja ukijaribu gia zote. Asubuhi ya mbio si wakati wa kugundua kwamba mnyororo unaruka.

Sasa upepo. Kutoka kusini-mashariki huvuma upepo ambao wenyeji wameupa jina la daktari, Cape Doctor, kwa sababu wanaamini husafisha hewa. Mwaka 2017 uliwaangusha watu hata kabla hawajaanza, na mbio zikafutwa. Ndiyo maana nasema magurudumu yenye rimu za kina kirefu, yale ya bei ya pikipiki, uyaache nyumbani. Upepo wa ubavuni huyashika kama tanga, nawe utatumia saa tatu kupigana na usukani.

Ukivuma, utakupiga usoni nusu ya kwanza, mnapoelekea kusini kupitia Muizenberg na Fish Hoek hadi Simon's Town. Hapo usijitie ushujaa wa kuongoza. Kaa katika theluthi ya mbele ya kundi, maana mkiani kila anayelegea humwachia aliye nyuma yake pengo la kuziba. Upepo ukitoka kulia, sogea kushoto kidogo kwa aliye mbele yako. Ukitoka kushoto, sogea kulia. Lakini tairi yako ya mbele isiingie ubavuni mwa tairi yake ya nyuma. Akiyumba kidogo yeye haanguki, unaanguka wewe na waliokufuata. Ukitaka kunywa, subiri barabara inyooke, na macho yabaki kwenye mgongo wa aliyetangulia, si kwenye chupa.

Anayeishi nyanda za juu, Nairobi au Iten, ataiona miguu yake myepesi ajabu akiwa usawa wa bahari. Wepesi huo ni mtego. Wengi huumalizia kwenye mpando wa Smitswinkel, baada ya Simon's Town, huku zaidi ya nusu ya safari ikiwa bado. Kula kabla ya kufika hapo hata kama huna njaa: kiasi cha gramu 60 za wanga kwa saa. Tende zilizotolewa kokwa zinatosha, na hutazihangaikia kuzimenya kama ndizi.

Ukishageuka kwenye lango la Cape Point na kushuka Scarborough, upepo ule ule unaanza kukusaidia, na kasi ya kundi hupanda. Chapman's Peak ni kilomita 9 zenye kona 114 zilizochongwa ubavuni mwa jabali. Panda kwa pumzi unayoweza kuzungumza nayo, ushuke bila kumpita mtu konani. Kinachokungoja ni Suikerbossie, mara tu baada ya Hout Bay: kama kilomita 2 za kupanda, miguu ikiwa imeshachoka, na watazamaji wakipiga kelele pande zote mbili. Makundi mengi huvunjika hapo. Ingia mlimani ukiwa mbele ya kundi, ili hata ukirudi nyuma kidogo kidogo, ufike kileleni ukiwa bado umo.

Ukiachwa, usikimbie peke yako kuelekea Camps Bay. Subiri wawili watatu wanaokuja nyuma, mpokezane zamu fupi za mbele hadi mwisho wa mbio, Green Point. Na usilegeze mita za mwisho kwa ajili ya picha, kwa kuwa muda utakaoandikwa hapo unaweza kuamua utaanza fungu gani mwaka ujao.