Ukigusa Ukalipa, Kampuni ya Simu Inapata Wapi Faida?

Kulipa kwa kugusa ni rahisi. Unasogeza simu karibu na mashine ya malipo, kama sentimita 4 hivi, inalia, umemaliza. Huoni makato yoyote. Lakini biashara ni biashara: kama wewe hujakatwa, kuna mwingine anayelipa. Leo tuangalie ni nani.

1. Kodi ya nafasi kwenye laini

Teknolojia ya kugusa inaitwa NFC. Ilipoanza, taarifa za kadi yako zilihitaji kukaa kwenye chipu salama. Kule Marekani, AT&T, T-Mobile na Verizon ziliamua chipu hiyo iwe ndani ya laini ya simu. Laini ni zao, kwa hivyo benki ikitaka kadi yake iingie humo, iwalipe, kama mpangaji na landilodi. Huduma yao iliitwa Softcard na haikudumu. Mwaka 2014 Apple ilileta Apple Pay, ikitumia chipu iliyo ndani ya simu yenyewe. Mwaka 2015 Google ikanunua teknolojia ya Softcard. Wapangaji walikuwa wamepata nyumba kwingine.

2. Ada ya muuzaji

Hapa Kenya mambo yalienda tofauti, kwa sababu pesa yenyewe iko kwenye laini. Safaricom ilianzisha M-Pesa mwaka 2007, kisha Lipa na M-Pesa mwaka 2013. Ukilipa kwa Till, wewe hukatwi. Anayekatwa ni muuzaji, na ni chini ya shilingi 1 kwa kila shilingi 100. Inaonekana kidogo, lakini haba na haba hujaza kibaba. Ndiyo maana kampuni zinapenda njia za haraka kama kugusa: foleni ikisonga, malipo yanaongezeka.

3. Pesa isiyotoka

Ukitoa pesa, kampuni inamlipa wakala kamisheni. Ukilipa dukani moja kwa moja, pesa inabaki kwenye mfumo na inaweza kuzunguka tena. Isitoshe, mtu mwenye pesa na mkopo kwenye laini hahami mtandao ovyo.

Sasa wewe ufanye nini?

- Muuzaji akisema "nitumie tu kwa namba yangu", ada imetoka kwake imekuja kwako. Uliza kama ana Till.
- Kwa Paybill, ada inaweza kuwa ya biashara, yako, au mkagawana. Angalia kabla ya kuweka PIN.
- Salio likipungua ukamalizia na Fuliza, hayo si malipo ya bure tena. Huo ni mkopo, na una ada zake.
- Kama wewe ndiye muuzaji, weka ada ya Till kwenye hesabu zako kama unavyoweka kodi na stima.

Kwa hivyo kabla ya kugusa au kubonyeza, jiulize swali moja: hapa ada inabebwa na nani? Ukijua jibu, utachagua njia inayokufaa.