Onyesho la Kuruka: Anzeni na Mabawa ya Hondohondo

Pale Sigi, kwenye kituo cha zamani cha reli ya Wajerumani chini ya msitu wa Amani, hondohondo husikika kabla hajaonekana. Mabawa yake huvuma kama mvukuto wa mhunzi. Kikundi chenu kikitaka kuandaa onyesho la muziki, sauti na picha kuhusu ndoto ya binadamu ya kuruka, anzieni kwenye mvumo huo. Picha zitafuata.

1. Rekodini mabawa
Fuateni taratibu za kuingia Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani na mwelezeni mhifadhi mnachokwenda kufanya. Zimeni mawasiliano ya simu mtakayorekodia, funikeni maikrofoni yake kwa sponji nyembamba kuzuia upepo, kisha iwekeni simu juu ya jiwe. Mkiishika mkononi, itanasa kila mkwaruzo wa vidole. Iacheni irekodi dakika 10 pasipo mtu kusema neno.

Mkirudi, tumieni programu ya kuhariri sauti kupunguza kasi iwe nusu. Sauti itashuka oktava moja, na mabawa yatasikika mapana na mazito, kana kwamba yangeweza kumbeba mtu mzima.

2. Chagueni kisa kimoja
Msirundike visa. Baganda wanasimulia habari za Kibuuka, shujaa wa enzi za Kabaka Nakibinge, aliyejificha mawinguni na kuwamiminia maadui mishale. Siri yake ilipofichuka alipigwa mshale, akaangukia Mbale, Mawokota. Humo mna kupanda, kilele na anguko: sehemu tatu za muziki tayari. Waulizeni pia wazee wa Kisambaa na Kibondei. Mkipewa kisa, ombeni ruhusa ya kukitumia na mtajeni msimulizi mbele ya watazamaji.

3. Pandeni kwa kupunguza
Sehemu ya ardhini ijazeni: ngoma zote, makofi, vishindo vya ngoma ya mdumange. Shujaa anapoinuka, msiongeze vyombo. Toeni ngoma kubwa, kisha ndogo, kisha makofi, hadi ibaki filimbi peke yake. Sikio lililozoea uzito huhisi limeinuliwa uzito unapoondoka. Akianguka, ngoma zote zirudi kwa pigo moja.

4. Mrusheni kwa kivuli
Si lazima muwe na projekta. Tandazeni shuka jeupe, nyuma yake wekeni chini taa moja ya betri yenye mwanga mkali, isiyopata joto. Mchezaji asimame karibu na shuka, kisha arudi nyuma polepole kuelekea taa: kivuli chake kitakua. Akiiruka taa, kivuli kitachomoka juu ya shuka na kutoweka. Wekeni alama ya chaki sakafuni ili asiikanyage taa, na mfanye zoezi hilo mara nyingi, ili kuruka kwake kuende sambamba na noti ya kwanza ya filimbi ikiwa peke yake.

Fanyeni pia zoezi moja zima umeme ukiwa umezimwa. Spika ya betri na taa ya betri zikitosha, hamtakuwa na hofu ya umeme kukatika siku ya onyesho.

5. Malizeni kwa sekunde 12
Tarehe 17 Desemba 1903, huko Marekani, Orville Wright aliruka kwa ndege yenye injini aliyoiunda na kaka yake Wilbur. Safari hiyo ya kwanza ilidumu sekunde 12, umbali wa mita 36 hivi. Kabla ya onyesho, pimeni mita hizo uwanjani na kuzitia alama ya chokaa, ili watu wazipite wakija kuketi.

Mwishoni, zimeni taa, nyamazisheni vyombo vyote. Chezeni mabawa ya hondohondo yaliyopunguzwa kasi kwa sekunde 12 kamili, kisha kateni. Msishukuru wala kutangaza lolote mara moja. Waacheni watu gizani kidogo, kifua cha kila mmoja kipime chenyewe muda ambao binadamu aliungoja tangu alipomtazama ndege wa kwanza.