Nyumba Isiyo na Mlango: Yai, Asili Yake na Tahadhari za Mnunuzi

Lengo la somo: Baada ya somo hili, mlaji aweze kueleza namna binadamu alivyoanza kula mayai, kukagua yai kabla ya kulipika, na kujua hatua za kuchukua akiuziwa yai bovu.

Ndugu mlaji, kitendawili cha "nyumba yangu haina mlango" hujibiwa na kila mtoto: yai. Hata hivyo, mnunuzi katika soko la Kalinzi ana sababu ya kukitafakari upya, kwani hulipa fedha kwa kitu asichoweza kukiona ndani.

1. Nani alikuwa wa kwanza?

Hakuna mtu anayeweza kutajwa kuwa ndiye aliyeanza kula yai, kwa kuwa mlo huu ni wa kale kuliko binadamu mwenyewe. Kutoka Kalinzi, milima huteremka kuelekea magharibi hadi Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mtu mwezi Julai 1960. Chakula kikuu cha sokwe hao ni matunda, lakini wakikuta kiota chenye mayai huyala. Yamkini mababu wa binadamu walianza vivyo hivyo: yai halikimbii wala haling'ati, na halihitaji moto ili liliwe. Aidha, Afrika Mashariki zimepatikana shanga zilizotengenezwa kwa maganda ya mayai ya mbuni, baadhi zikiwa na umri wa miaka ipatayo 50,000.

Kuku alikuja baadaye sana. Asili yake ni kuku-mwitu wa misitu ya kusini-mashariki mwa Asia, na mifupa ya kale ya kuku wa kufugwa iliyopatikana Thailand ina umri wa miaka kama 3,500. Katika pwani yetu, mabaki ya kuku yamefukuliwa Unguja Ukuu, mji uliostawi katika milenia ya kwanza.

2. Kwa nini yai lilikuwa adimu mezani?

Kuku wa kienyeji hutaga mayai machache, kisha huatamia. Kwa mfugaji wa namna hiyo, kula yai ni kula kuku wa kesho. Pengine hii ni sababu mojawapo ya mwiko uliokuwapo katika jamii kadhaa za Afrika Mashariki, uliowazuia wanawake na watoto kula mayai. Leo kuku wa kisasa anaweza kutaga mayai yapatayo 300 kwa mwaka. Uhaba umepungua, lakini mwiko bado haujaisha katika baadhi ya nyumba, na wanaoumia ni wale wanaolihitaji yai zaidi. Shirika la Afya Duniani hushauri watoto wa miezi 6 hadi 23 wapewe kila siku nyama, samaki au mayai. Mama mjamzito naye hana sababu ya kunyimwa yai lililopikwa likaiva.

3. Nyumba ina matundu

Ganda halina mlango, lakini lina maelfu ya vitundu visivyoonekana kwa macho. Kupitia humo maji hutoka polepole, hewa huingia, na kifuko cha hewa kilichoko upande butu hukua. Ndiyo maana yai bichi likitiwa ndani ya bakuli la maji:

- likilala chini, ni jipya;
- likisimama wima chini, limekaa siku nyingi, hivyo litumike mapema;
- likielea, limezeeka mno, usilitumie.

Zingatia kwamba kipimo hiki hueleza umri wa yai tu. Yai jipya laweza kubeba vijidudu vya salmonela. Kwa hiyo pika hadi ute na kiini vigande, na muuza chipsi mayai naye umwombe aliivishe. Vunja yai moja moja ndani ya kikombe kwanza, ili yai viza lisiharibu mengine.

Usinunue yai lenye ufa. Usiyaoshe mayai unayotaka kuyahifadhi, kwani kuosha huondoa utando unaoyakinga. Yaweke mahali pa baridi, mbali na jua.

Usidanganywe na rangi pia. Rangi ya ganda hutokana na aina ya kuku, na ya kiini hutokana na chakula chake. Kiini cha njano iliyokolea si ushahidi kwamba yai ni la kienyeji. Kabla ya kulipa bei ya juu, uliza kuku wamefugwa wapi na jinsi gani. Uliza vilevile kama wametibiwa karibuni, kwa sababu dawa nyingi huhitaji kipindi cha kusubiri kabla mayai hayajaliwa.

4. Ukiuziwa yai bovu

Usitupe trei. Tunza mayai yaliyosalia pamoja na risiti, kisha mrudie muuzaji mapema na umweleze kwa utulivu. Asipokusikiliza, au mtu akiugua, toa taarifa kwa afisa afya wa kata. Tangu 2019, usalama wa chakula Tanzania Bara husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo pia hupokea malalamiko.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini yai la zamani huelea?
2. Je, yai lililozama ni salama kuliwa bichi? Eleza.
3. Nyumbani kwako, nani hali mayai, na kwa sababu gani?